Chausiku Sadala na mashine ya maji inayosoma Kiswahili

Saa tatu na ushei za asubuhi, umeme unarudi Korogwe. Feni ya darini inaguna, inajikongoja, kisha inashika mwendo. Nje ya ofisi ya mradi wa maji, madereva waliokuwa wameegemea matairi ya maboza yao wanakung'uta suruali na kusogea dirishani.

Chausiku Sadala hana haraka. Ameketi, mikono mapajani, macho kwenye balbu, akingoja ahakikishe kwamba umeme huu haukuja kusalimia na kuondoka. Ndipo anapoiondoa kanga iliyofunika kompyuta, anapangusa vumbi, anaingiza disketi na kukunjua karatasi iliyoletwa na basi la jana kutoka Mkata.

Anasoma kwa sauti huku akipiga vibonye kwa vidole vyote kumi: "KAMA KISIMA KIKAVU NA ZAHANATI IPO, TANGULIZA."

Mistari mingine inafuata. Anapomaliza, mashine inakoroma kidogo, na kwenye kioo yanatokea maandishi ya kijani: SIJAELEWA MSTARI WA TATU. NENO "KIKAFU" SILIJUI.

"Hata mimi silijui," anasema, anacheka, na kuisahihisha herufi iliyompotea.

"Dada, imegoma?" anauliza dereva Simeo kutoka dirishani.

"Haijagoma. Imeuliza. Nyie wanaume mkiulizwa mnadhani mmegomewa."

Madereva wanaangua kicheko. Baada ya kitambo mashine ya kuchapa inaanza kukereza, na orodha ya vijiji inatoka kwenye karatasi iliyokwisha kutumika upande mmoja. Wino umefifia. Utepe wenyewe ulikwisha zamani, na kwa kuwa mwingine haupatikani, Chausiku huulowesha kwa wino wa kupigia mihuri. Simeo anaipokea orodha, anaisoma juu hadi chini, na chini kabisa anasoma sababu: kila kijiji kimewekwa pale kilipo kwa mstari upi.

Programu inayotoa sababu hiyo ndiyo iliyomgharimu Chausiku ugomvi na bosi wake, hasira ya mkubwa mmoja, na mama yake mzazi kutomsemesha. Na mpaka leo hajakubali kuifuta.

*

Alizaliwa Kwaluguru, wilaya ya Handeni, miaka michache kabla ya Uhuru, mtoto wa Mzee Sadala, mkulima wa mahindi na muhogo, na Bi Mwanaidi. Kwao, kwa Kizigua, maji huitwa mazi, na ukilitamka neno hilo kiangazi, mtu mzima huangalia chini.

"Nilijua njia ya kisimani kabla sijajua njia ya shule," anasema. "Ukirudi na ndoo, mgongo umekufa ganzi, mwalimu anakuuliza kwa nini unasinzia."

Vijiji vya ujamaa vilipoanzishwa, familia yake ilihamishwa kutoka bondeni na kupelekwa barabarani. Barabara waliipata. Shule waliipata. Kisima walichimbiwa, kikawekwa pampu ya mkono iliyopakwa rangi ya buluu. Maji yalikuwa matamu masika na chumvi kiangazi, kisha yakawa hayapo.

Chausiku alisoma mpaka kidato cha nne, akapata kazi Dar es Salaam katika ofisi yenye mashine kubwa ya kompyuta, iliyojaza chumba kizima na kuhitaji ubaridi kuliko binadamu. Kazi yake ilikuwa kutoboa kadi. Mtu anaandika takwimu, yeye anazitoboa, mashine inazisoma.

Lakini hakuridhika kuwa mtoboaji. Aliomba mafunzo ya kuandika programu, akakataliwa. Akaomba tena, akaambiwa nafasi ni za wanaume wenye familia. Akaomba mara ya tatu kwenye mkutano wa wafanyakazi, mbele ya watu wote, akauliza kama mama yake na wadogo zake wa Kwaluguru walikuwa mbuzi au familia. Akapelekwa.

"Sikuwa mpole," anasema. "Watu wakiniandika waandike hivyo. Sikuwa mpole na sasa ndiyo kabisa."

*

Mradi wa maji ulipoletewa kompyuta ndogo na wafadhili, kwa kibali maalumu kwa kuwa mashine hizo zilikuwa haziingizwi nchini hivi hivi, Chausiku alikuwa wa kwanza kuomba kazi. Alitaka kurudi karibu na kwao.

Kazi ya mashine hiyo ilikuwa moja. Maboza yalijaza maji Korogwe, mtoni, na kuyapeleka vijiji vikavu vya Handeni. Dizeli ilikuwa haba na magari machache, kwa hiyo ilibidi mtu aamue nani aanze na nani angoje. Mtaalamu wa kigeni aliandika programu ya kuamua hivyo. Ilipima umbali, ikapima idadi ya watu, ikaangalia kama kijiji kina kisima, kisha ikatoa orodha. Mtaalamu akamaliza mkataba wake, akaagwa kwa mbuzi na soda, akapanda ndege.

Ukame wa mwaka juzi ulipokaza, orodha ilianza kuleta mambo. Kwaluguru iliandikwa kuwa ina kisima, na ilikuwa nacho kweli: pampu ya buluu juu ya shimo kavu. Programu haikuwa na mahali pa kuuliza kama ndani ya kisima mna maji. Wiki baada ya wiki Kwaluguru ikawa mkiani. Wakati huohuo kulikuwa na vijiji vilivyokwisha kupata mvua, ambavyo vililetewa maji mpaka yakamwagwa.

Watu walipolalamika, walijibiwa neno moja ofisini: "Kompyuta imesema."

Neno hilo lilimchoma Chausiku kuliko yote. "Kompyuta haisemi," anasema, akigonga meza kwa kidole. "Alisema mtu. Alisema akiwa Korogwe, kabla ya ukame, akaondoka, na maneno yake yakabaki yanatutawala. Sasa utambishia nani, kioo?"

Ndipo siku moja lori la muhogo likamshusha Bi Mwanaidi mbele ya ofisi, pamoja na wanawake wenzake wa Kwaluguru, ndoo tupu mikononi. Chausiku alitoka mbio.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Yuko wapi huyo anayetunyima maji?"

Chausiku akawaingiza ndani, akawaonyesha. Wanawake wakaizunguka mashine, wakaitazama kama mtu anavyomtazama mkwe asiyemtaka.

"Muulize kwa nini anatunyima," akasema Bi Mwanaidi.

"Hasikii Kiswahili, mama. Kizigua ndiyo kabisa. Hata mimi nikitaka kumbadilisha, lazima niandike kwa lugha yake, mambo ya Kiingereza na alama."

"Nawe uko naye hapa tangu lini?"

Chausiku akaanza kuikunja kanga ya kufunikia mashine.

"Basi mfundishe," akasema mama yake. "Watoto wanafundishwa. Ng'ombe wanafundishwa kuvuta jembe."

*

Ingekuwa rahisi kuiingilia programu na kuipandisha Kwaluguru. Msimbo wa programu ulikuwa mikononi mwake na alijua kuusoma. Madereva wenyewe walimshauri afanye hivyo. Alikataa.

"Ningekuwa nimemtoa mzungu nikajiweka mimi," anaeleza. "Leo napendelea kwetu. Kesho nahamishwa, anakuja mwingine anapendelea kwao. Na mwananchi bado hajui kilichomo mle ndani. Nilitaka sheria yenyewe itoke nje, ikae mahali ambapo mtu wa Mkata anaweza kuisoma na kuigombea."

Kitu alichokitengeneza, wataalamu hukiita kompaila. Ni programu inayopokea maagizo yaliyoandikwa na mtu, ikayasoma yote, ikakagua kama yana maana, kisha ikayageuza kuwa tarakimu ambazo mashine inaweza kuzifuata. Kwa kawaida kompaila hukaa peke yake, kwa ajili ya waandishi wa programu. Chausiku alitengeneza ndogo, ya Kiswahili, na kuipachika ndani ya programu ya maji yenyewe. Akaiita Mfasiri.

Tangu hapo, programu ya maji haina sheria yake. Kila asubuhi inamwita Mfasiri, Mfasiri anasoma karatasi ya sheria iliyoandikwa kwa Kiswahili, anaigeuza, na programu inaipitishia vijiji vyote. Ukitaka kubadili mgawo wa maji huhitaji kuijua kompyuta. Unahitaji kubadili karatasi.

Kazi haikuwa lelemama. Kumbukumbu ya mashine ilikuwa finyu. "Ni kama chumba cha kupanga," anasema. "Ukiingiza kitanda, meza inatoka." Mfasiri hakuenea. Chausiku akatafuta cha kutoa, akakiona: picha ya tone la maji lenye tabasamu iliyojitokeza kila programu ilipowashwa, na michoro ya nguzo za rangi iliyotengenezwa ili wageni wakija waonyeshwe. Akafuta vyote. Mfasiri akaenea.

Kisha ikaja taabu ya maneno. Mwanzoni aliandika KIPAUMBELE. Akaipeleka karatasi Mkata kwa Bibi Mwaija, balozi wa nyumba kumi, mwanamke wa makamo anayeuza muhogo wa kukaanga stendi na ambaye maneno hayamlali kinywani.

"Kipaumbele ni mdudu gani?" akauliza Bibi Mwaija.

"Ni yule anayepewa kwanza, bibi."

"Si useme tanguliza?"

Neno likawa TANGULIZA. Yakafuata FUATISHA na SUBIRISHA, na msamiati wote wa Mfasiri ukapatikana hivyo, kwa kuuliza watu wangesemaje. Hakuna neno ndani yake ambalo dereva halitumii stendi.

Taabu kubwa zaidi ililetwa na vineno viwili vidogo, "na" na "au". Mtu mmoja aliandika kwamba kijiji kitangulizwe kama kisima ni kikavu au mto ni mbali na zahanati ipo. Mfasiri akaelewa hivi, aliyeandika alimaanisha vile, na boza likaenda siko. Wanakijiji wakabishana wenyewe kwa wenyewe sentensi hiyo ina maana gani, na kila upande ulikuwa na haki.

Chausiku angeweza kuchagua maana moja na kuwalazimisha waikariri. Badala yake alimfundisha Mfasiri kukataa. Sasa ukichanganya "na" na "au" katika mstari mmoja, anakujibu: SEMA MOJA MOJA.

"Asiyeelewa akatae, asikisie," anasema. "Tumeumizwa vya kutosha na waliokisia."

*

Ndugu Ernesti Hiza, mratibu wa mradi, mwenyeji wa milima ya Usambara, ni mtu mtaratibu anayevaa shati lililopigwa pasi hata wiki ambayo umeme haujaonekana. Aligundua habari za Mfasiri pale wageni wa wafadhili walipokuja, akawasha mashine awaonyeshe lile tone linalotabasamu, likakosekana.

Wageni walipoondoka alimwita Chausiku.

"Ndugu Chausiku, umefanya nini ndani ya programu?"

"Nimeweka mlango, ndugu Hiza."

"Hii ni mipango ya kitaalamu. Si baraza la kijiji. Kila kijiji kitaandika kitangulizwe chenyewe. Na siku ikiharibika, nani ataitengeneza? Ulimwuliza nani?"

"Na yule aliyeandika ya kwanza alimwuliza nani?"

"Itoe."

"Siitoi."

Hiza anasimulia kisa hicho mwenyewe bila kuficha. "Sikuwa adui wa maji," alimwambia mwandishi wa makala haya. "Nilikuwa na hofu. Mimi ndiye ninayetia saini. Kitu nisichokielewa kikiua mtu, nitasema nini?" Alichukua ufunguo wa chumba cha kompyuta, akairudisha disketi ya zamani, na kuendesha orodha ya zamani.

Chausiku akaweka benchi nje ya mlango uliofungwa, akaketi. Alikuja kazini kila asubuhi kwa wakati, akasaini, akaketi. Watu wakipita wakamuuliza anafanya nini pale, aliwajibu: "Niko kazini. Kazi iko ndani."

Kilichomtoa benchini hakikuwa maneno yake. Orodha ya zamani ilimtuma Simeo kwenye kijiji ambacho mvua ilikuwa imenyesha mpaka vyura wanalia. Alipofika na kutaka kufungulia bomba, wenyeji walimzuia. Mwenyekiti wa kijiji akamwambia, "Bwana dereva, sisi tunayo. Kuna wenzetu wanakunywa tope. Ukiyamwaga hapa unatutia dhambini."

Simeo akageuza gari. Lakini kwenda kijiji kingine bila orodha ni kosa la kufukuzwa kazi, kwa hiyo alirudi Korogwe na boza lililojaa, akaliegesha mbele ya dirisha la Hiza, maji yakidondoka tone tone kwenye vumbi.

"Mzee," akasema, "naomba uniandikie wewe mwenyewe, kwa mkono wako, niyamwage wapi."

Hiza alitoka nje. Akasimama akiyaangalia yale matone. Madereva wengine walikuwa wamezima injini na kuteremka. Baadaye akaenda mpaka benchini, akamkabidhi Chausiku ufunguo.

"Ikiharibika tumeharibikiwa wote," akasema.

"Naam. Na tutaitengeneza wote. Njoo nikuonyeshe inavyosoma."

Aliketi naye mpaka adhuhuri. Hiza ndiye aliyetoa shauri la orodha kuchapwa pamoja na sababu zake, na ibandikwe kwenye ofisi ya kila kijiji. Chausiku anakiri kwamba hilo hakuwa amelifikiria, na kwamba ndilo lililofanya Mfasiri aogopwe na wakubwa.

*

Wajumbe wa vijiji walikutana Mkata kuandika sheria ya kwanza ya pamoja. Walikaa kwenye madawati ya shule, ubao mbele, Chausiku ameshika chaki. Kazi yake, aliwaambia, ni kuandika wanachokubaliana na kuwaambia kama Mfasiri atakielewa. Kura hana.

Bibi Mwaija ndiye aliyesimama kwanza. Zahanati haiwezi kukosa maji, alisema. Mama anajifungua, mkunga ananawa na nini? Hakuna aliyeweza kumbishia. Mstari ukaandikwa: kisima kikavu na zahanati ipo, tanguliza. Zahanati iko Mkata.

Kwaluguru haina zahanati. Ikafuatishwa.

"Niliandika kwa mkono wangu," anasema Chausiku. "Nilijua ninachokiandika. Nilijua mama yangu atalala na kiu. Mkono ulikuwa mzito kama umebeba tofali."

Habari zilipofika Kwaluguru, Bi Mwanaidi hakutuma salamu. Chausiku alikwenda nyumbani, akamkuta anatwanga. Akamwamkia. Mama akaitikia kwa sauti ya mtu anayemwitikia karani wa kodi, akaendelea kutwanga.

"Mama, ungetaka nidanganye?"

Mchi ukapanda, ukashuka.

"Ningetaka maji," akasema Bi Mwanaidi.

Chausiku akarudi Korogwe. Anasema hizo zilikuwa siku ambazo alikaribia kuiingilia programu. Mstari mmoja tu, anasema, na hakuna ambaye angemlaumu mtoto kwa kumnywesha mamaye. Aliketi mbele ya mashine, akaitazama, akainuka akaenda kuwaamuru madereva waoshe matangi, ambayo hayakuwa machafu.

Mkutano wa pili wa Mkata, Bi Mwanaidi alikuja mwenyewe. Hakumwangalia binti yake. Alisubiri zamu yake, akasimama, akajifunga kanga kiunoni.

"Mimi sina zahanati," akasema. "Wenzangu wa Mkata wanayo, Mungu awazidishie. Nataka kuwauliza jambo. Kiangazi kilichopita mke wa jirani yangu alijifungulia njiani, ndoo kichwani. Mtoto hakuishi. Yeye tulimbeba kwenye machela mpaka hapa kwenu, kwenye zahanati yenu. Mkamnawisha, mkamponya, ahsanteni. Sasa niambieni. Maji mnampa mtu akishaanguka, au kabla hajaanguka?"

Bibi Mwaija aliinama, akasugua goti lake, kisha akanyoosha mkono.

"Mwendo wenu wa maji ni wa muda gani?" akauliza.

"Nusu siku. Kwenda na kurudi ni siku."

"Andika," Bibi Mwaija akamwambia Chausiku.

Walibishana mpaka jua likainama, maana kila kijiji kilidai mwendo wake ni mrefu, na ilibidi wakubaliane mwendo upimwe kwa miguu ya nani. Mwishowe ubaoni paliandikwa: KAMA MWENDO WA MAJI NUSU SIKU, TANGULIZA. Wajumbe wengi wakanyoosha mikono. Chausiku hakunyoosha wake. Aliangusha chaki, akainama kuiokota, na akachelewa kuinuka.

Boza liliingia Kwaluguru wiki hiyo. Simeo ndiye aliyeliendesha. Wanawake walipiga vigelegele, na mmoja akamwambia Bi Mwanaidi kwamba amebarikiwa kuwa na mtoto ofisini.

Bi Mwanaidi alimkata kauli. "Mwanangu hakunipa maji," akasema. "Niliyapata mwenyewe, barazani."

Chausiku aliyasikia maneno hayo kwa Simeo. Anasema hajawahi kusifiwa vizuri kuliko hivyo.

*

Kiangazi cha mwaka huu kimekuja na mengine. Mkubwa mmoja, ambaye Chausiku hataki jina lake litajwe gazetini, alifika ofisini na gari lake, akaliacha linanguruma nje. Alikuwa anajenga nyumba.

"Boza moja tu, dada. La kufyatulia matofali."

Zamani ingewezekana. Orodha ilikuwa siri ya mashine, na jina likiongezwa juu, nani angejua? Siku hizi karatasi imebandikwa Mkata, imebandikwa Kwaluguru, na chini yake imeandikwa sababu.

"Haiwezekani hivyo, mzee," Chausiku alimjibu. "Lakini utaratibu upo. Nenda kwenye mkutano wa Mkata, simama, useme: kama matofali, tanguliza. Wakipitisha nitaandika leoleo."

Madereva dirishani waligeukia upande mwingine, mabega yanacheza. Mkubwa aliondoka bila kuaga. Haukupita muda mrefu, Chausiku akaarifiwa kwamba anahitajika Dar es Salaam, kwenye ofisi ambayo, alipoulizia, hakuna kompyuta hata ya dawa.

Hasemi mambo hayo mawili yanahusiana. "Sina ushahidi, na mimi si mtu wa kukisia," anasema, na macho yake yanasema mengine.

Safari hii Hiza alisimama upande wake. Aliomba uhamisho uahirishwe mpaka mvua zishike, akasema wazi kwamba mradi hauwezi kumwachia mtu wake kiangazi. Jibu halijaja. Alipoulizwa na mwandishi kama haogopi, alirekebisha kola ya shati lake. "Naogopa sana," akasema. "Lakini safari hii ninakielewa ninachokitetea."

Chausiku mwenyewe hangoji jibu. Anaandaa mafunzo Mombo, kwenye ukumbi ulio karibu na stendi, kwa makatibu wa vijiji wa pande zote, wa tambarare na wa milimani. Atawafundisha kumwandikia Mfasiri sheria, na kumfungua Mfasiri mwenyewe, waone alivyoundwa, waweze kumwongezea maneno bila yeye. Grasiana, karani wa ghala la mahindi la serikali, ameshamwomba ampachike Mfasiri kwenye programu ya ghala lao watakapopata mashine. Mganga wa zahanati ya Mkata anauliza kama Mfasiri anaweza kugawa dawa.

"Wanihamishe," anasema Chausiku. "Mimi nahamishika, nina sanduku moja na kitanda cha kamba. Yeye yumo ndani ya programu. Wakitaka kumtoa, waizime mashine yote, halafu waende Mkata wakaeleze kwa nini wameizima. Bibi Mwaija atawasubiri na muhogo wake."

Na akishahamishwa, anataka nini?

Nje, boza la mwisho linatia gia kuelekea barabara ya Handeni.

"Nataka siku moja nifike kijiji nisichokijua," anasema. "Nikute ukutani sheria ya maji ambayo sikuiandika, kwa maneno ambayo sikumfundisha Mfasiri. Niisome, nione haikubaliki kabisa."

Halafu?

"Halafu niulize mkutano wao ni lini, nikapange foleni ya kubisha kama wengine."